Revolva inapiga chini, jino refu nimeshanunua, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina revolva ya .357 (ndio saizi ya risasi zake), mtutu inchi 4, ya kulengea shabaha tu. Tatizo inapiga chini. Nikilenga katikati ya duara kwa mita 15 matundu yanatokea chini, kama kiganja kizima hivi, na yako pamoja wala hayajatawanyika. Kilengeo cha nyuma ni kile cha skrubu, nimekipandisha mpaka kimegoma na bado. Natumia risasi za .38, nazo zinaingia humo humo, zile nyepesi za greni 110 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) maana hazina teke. Nikaona dawa ni kubadilisha jino la mbele, yaani kilengeo cha mbele, nikaagiza refu zaidi ili risasi zipande, limeshafika. Jamaa yangu yeye anasema bunduki haina shida, shida ni mkono wangu, tumebishana mpaka tukanuniana. Kabla sijagonga pini inayoshika jino nikasema nikuulize.

JIBU: Marahaba. Aisee umeponea chupuchupu, maana hilo jino refu ukilifunga risasi zitazidi kushuka, siku hiyo hata karatasi unaweza usiipate.

Iko hivi. Kilengeo cha nyuma kinaenda kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinaenda kinyume chake. Unataka risasi zipande, pandisha cha nyuma au fupisha cha mbele, basi. Ukiona ngumu kuamini shika rula uilaze juu ya meza ulenge kitu ukutani, halafu jifanye ncha ya mbele imeota kinundu juu: ili kile kinundu kirudi usawa wa jicho lako na pengo la nyuma inabidi uinamishe ncha, na mtutu nao hivyo hivyo, ukiinama risasi inainama nao. Watu wengi sana wanakosea hapo, sio wewe peke yako, akili inasema refu ni juu.

Sasa jamaa yako. Asijione mjanja sana, ila anaweza kuwa na nusu ya ukweli. Matundu kukaa pamoja hakumaanishi mkono wako ni msafi, mtu anaweza kuwa na kosa moja analirudia vile vile kila risasi na likamchorea kikundi kizuri kabisa pale chini. Mwambie akupangie silinda yeye, aweke risasi za kweli tatu na bandia tatu bila mpangilio, wewe usiangalie. Revolva kwa mchezo huu haina mpinzani maana anaizungusha silinda kidogo tu na hujui nini kinafuata. Nyundo ikiangukia risasi bandia utaona mwenyewe: kama mtutu umetulia tuli, uko vizuri, kama umedonoa chini kama kuku anadonoa punje, basi unasukuma mbele kuliwahi teke kabla halijaja, na hapo hata ukinunua vilengeo vya dhahabu utapiga chini tu. Mimi mwenyewe nilifanyiwa hivyo mara ya kwanza, nikadonoa mbele za watu, nilicheka peke yangu njia nzima.

Angalia pia picha unayoiona ukilenga. Kichwa cha jino kiwe sawasawa na mabega ya pengo la nyuma, mstari mmoja, mwanga sawa kushoto na kulia. Jino likizama kidogo tu ndani ya pengo risasi inashuka. Na kuna watu wanakalisha duara juu ya jino kama mpira juu ya ukuta, sio vibaya, ila kama revolva imepangwa kupiga pale pale kichwa cha jino kilipo basi lazima matundu yatokee chini ya duara halafu unalalamika bure.

Ukishajiridhisha na mkono, piga ukiwa umeegemea. Mifuko ya mchanga, mikono ndio ikae juu ya mfuko sio mtutu, vuta nyundo kwanza kwa dole gumba ili kifyatulio kiwe chepesi, risasi tano taratibu. Halafu mpe mtu mwingine anayejua apige tano kwenye karatasi nyingine. Zake nazo zikishuka pale pale, sawa, sasa tunaongea habari za chuma.

Ila bado usiguse nyundo ya kugongea pini! Swali langu kubwa ni hizo greni 110. Weka revolva mezani ikiwa tupu uiangalie kwa ubavu, utaona jino la mbele limenyanyuka juu ya tundu la mtutu kuliko kilengeo cha nyuma, yaani ukilenga mtutu unakuwa umeelekea chini kidogo. Sio makosa ya kiwanda, ndio hesabu yenyewe, kwa sababu risasi ikianza kutembea ndani teke nalo linaanza kunyanyua mdomo wa mtutu, na risasi inatoka wakati mdomo umeshapanda. Risasi nyepesi ina mbio na teke lake ni dogo, inawahi kutoka kabla mdomo haujapanda vya kutosha, inapiga chini. Nzito inakawia, inatoka juu. Revolva nyingi za .38 na .357 vilengeo vyake vimepangwa kwa kufuata greni 158. Kwa hiyo tafuta boksi moja la 158, rudisha skrubu ya nyuma katikati ya safari yake (kwanza umeizungusha mpaka mwisho, sipendi, ipumzishe), piga tano uone. Inawezekana kabisa tatizo likaishia hapo na hela ya jino ikawa imekwenda na maji.

Kama bado iko chini basi pima jino linatakiwa lifupishwe kiasi gani. Chukua umbali ilioshuka, zidisha na urefu kutoka pengo la nyuma mpaka jino la mbele, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Mfano imeshuka sentimita 9 kwa mita 15 na vilengeo vimeachana milimita 150: 90 mara 150 gawanya kwa 15,000, unapata 0.9. Haifiki hata milimita moja! Ndio ujue kwa nini kupunguza jino kwa tupa ni kitu cha kuogopa.

Sasa kubadilisha jino lenyewe, kuweka fupi zaidi. Fungua silinda, toa kila kitu, chungulia matundu yote sita moja moja, risasi zikae chumba kingine kabisa. Na kama sheria ya kwako inataka kazi ya silaha ifanywe na fundi mwenye leseni mpelekee, usibishane na sheria kwa ajili ya pini. Aina nyingine hazina hata pini, kama Ruger GP100, unabonyeza kipini cha springi upande wa mdomo jino linatoka. Zenye pini tafuta vizuri ubavuni maana mara nyingi imesagwa ikawa sawa na chuma, inaonekana kama kiduara kidogo tu. Lalia mtutu kwenye mbao laini, tumia panchi inayoingia tundu la pini bila kupwaya, gonga kidogo kidogo. Panchi nene itapanua tundu, nyembamba itatoboa pini katikati. Jino jipya mara nyingi linakuja halijatobolewa, unalikalisha vizuri mpaka chini kwenye mfereji wake ndio unatoboa kwa kufuata tundu la zamani, na keekee isiyumbe.

Halafu sasa, kama jino la zamani ni chuma kitupu bila rangi ya kung'aa wala kitone, kwani unabadilisha nini? Lifupishe hilo hilo. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi mtutu wote uliobaki, tupa bapa laini, sukuma mara tano tu, kichwa kibaki bapa na ukingo wa nyuma usiwe chini kuliko wa mbele, kapige tena. Acha ikiwa bado iko chini sentimita moja au mbili, hizo utamalizia na skrubu ya nyuma. Mimi niliwahi kumaliza kazi yote jioni moja kwa risasi nyepesi, nikafurahi kweli, wiki iliyofuata nikatia nzito zikapanda juu ya duara na chuma kilichokwenda na tupa hakirudi. Paling'aapo paka dawa ya kutia chuma weusi.

SWALI: Yangu ni mtindo wa kizamani, nyuma ni mfereji tu juu ya fremu na mbele jino ni kitu kimoja na mtutu. Inapiga chini. Nayo inabadilishwa?

JIBU: Haibadilishwi, inapigwa tupa, na shukuru inapiga chini. Mtindo huo unatoka kwenye Colt ya 1873 na nyingi za aina hiyo zinaachiwa jino refu makusudi mwenyewe amalizie kwa risasi anazotumia. Ingekuwa inapiga juu ndio ungelia, maana hapo ni kuongeza chuma na hiyo ni kazi ya fundi. Fuata yale ya hapo juu, mkono kwanza, risasi pili, tupa mwisho, tena wewe hauna skrubu ya kukuokoa kwa hiyo sukuma mara tatu badala ya tano.

Na wewe wa kwanza, hilo jino refu usilirudishe dukani. Siku ukihamia greni 180 risasi zikapanda, ndilo utakalolitafuta.