Maswali ya Magari: Geji ya Mafuta Inayosoma Kinyume

SWALI: Nina pikapu ya Land Rover 109 Series III. Floti ya tanki (kifaa chenye boya kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani) ilikufa, fundi akafunga mpya ya dukani. Sasa nikijaza tanki mshale unalala kwenye E, na mafuta yakikaribia kuisha ndipo unapanda. Je, geji imeungua?
Msomaji, Kiloleni, Tabora

JIBU: Geji yako ni nzima, uliyouziwa ni floti ya gari jingine. Geji ya Land Rover hiyo inataka floti yenye ukinzani (uzuiaji wa umeme, unaopimwa kwa omu) mkubwa tanki likiwa tupu, karibu omu 240, na mdogo likijaa, chini ya omu 35. Floti nyingi za kampuni ya VDO ni kinyume chake: omu 10 tupu, 180 likijaa. Za General Motors ya Marekani tangu 1965 hutoka 0 hadi 90. Matundu ya skrubu yanaweza kulingana kabisa na bado floti isifae, na kugeuza waya hakusaidii chochote. Nenda dukani na mita ya kupimia omu. Weka ncha moja kwenye kituo cha waya, nyingine kwenye bati la floti, kisha inua taratibu mkono unaobeba boya. Namba ishuke kadiri mkono unavyopanda, bila kuruka wala kukatika. Ikikatika katikati, iache hapo hapo dukani.

Kabla ya kufungua, toa waya hasi wa betri, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Tanki la pikapu hiyo liko chini ya kiti, kwa hiyo ondoa kiti na kifuniko chake, floti utaiona juu ya tanki. Safisha uchafu kwanza usije ukadondokea ndani. Ukishaitoa ile isiyofaa, ziba tundu kwa kitambaa.

Linganisha mikono ya floti mbili, ya zamani na mpya: urefu, mkunjo, na upande unaoelekea. Mkono mrefu mno hukwama kwenye ukuta wa tanki, mfupi mno haufiki chini. Ukihitaji kuukunja, shika shina la mkono kwa koleo moja na ukunje kwa jingine mbali na shina, maana nguvu ikifika kwenye kile kiguso kinachoteleza ndani ya floti, umeiua. Weka gasketi mpya inayostahimili petroli. Silikoni ya kawaida huyeyuka na kuziba chujio. Kaza skrubu kwa kupishana.

Erthi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bati la gari, ndiyo inayosahaulika. Tanki lililopakwa rangi au kukaa juu ya mpira halipitishi umeme vizuri, na mshale wako utasoma chini ya ukweli. Piga msasa sehemu moja, vuta waya kutoka bati la floti hadi chesi (fremu ya gari).

Sasa pima kwa mafuta halisi. Tanki likiwa tupu, mimina lita 5 kwa kidumu, washa swichi na usubiri kama nusu dakika, kwa kuwa geji hizi hupanda polepole. Sisi tungependa mshale uguse E hapo hapo. Tanki lenyewe ni lita 45 hivi, na kwa mtu anayekwenda Mpanda kupitia Sikonge, usahihi wa mshale mafuta yakiwa machache una thamani kuliko tanki likiwa limejaa. Mshale ukisoma juu zaidi ya hapo, rekebisha mkunjo kidogo na urudie.

SWALI: Kwenye Land Rover kama hiyo, mshale wa mafuta na wa joto yote inasoma juu mno. Nibadilishe floti?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Hapana, usiguse tanki. Geji zote mbili hulishwa na stabilaiza moja nyuma ya dashibodi, inayokata na kuunganisha umeme ili wastani uwe volti 10. Erthi yake ikipata kutu inaacha kukata, na volti zote za betri hupita. Ifungue, piga msasa bati lake na mahali inapokaa, uirudishe. Taa ya kupimia ikiunganishwa kwenye njia ya kutokea inapaswa kuwaka na kuzima. Ikiwaka moja kwa moja, nunua stabilaiza nyingine.