Episodi mbili zimepita na hakuna aliyepigana, niendelee?

Barua za safari hii zimekuja nyingi na nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Karibu nusu yenu mnalalamikia kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba anime fulani, yaani katuni ya Kijapani, inaenda polepole, inachosha, haisogei. Kwa hiyo nitaanza na hilo na nitakaa nalo kidogo maana ni jambo lililo karibu sana na moyo wangu.

*Dada mambo. Mi ni mtu wa mapigano, nimekua na Dragon Ball Z na Naruto. Sasa marafiki zangu wote wananisumbua niangalie Frieren, kila siku Frieren Frieren, juzi nikaanza. Episodi mbili nzima watu wanatembea, wanaongea, wanatembea tena. Nikasinzia. Hivi tatizo ni mimi au hii kitu imepewa sifa kubwa kuliko yenyewe? – Mpenda Ngumi*

Poa mdogo wangu, na huna tatizo lolote. Ila umeshukia njiani. Frieren ilipoanza kuonyeshwa Japani tarehe 29 Septemba 2023 hawakurusha episodi moja, walirusha nne kwa mpigo, masaa mawili, kwenye ule muda wa Ijumaa usiku ambao kituo cha Nippon TV huwa kinaonyesha muvi. Mi hilo nalichukulia kama maelekezo ya matumizi kabisa. Zile nne za kwanza ni kitu kimoja, we umekata katikati halafu unauliza mbona haina mwisho.

Angalia inavyoanza. Stori inaanza pale ambapo nyingine zote zinaishia, adui mkuu kashakufa, mashujaa wanne wanarudi mjini watu wanashangilia. Usiku wanaangalia vimondo vinavyopita angani mara moja tu kila miaka 50, na Frieren, ambaye ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu sana, na ameshaishi zaidi ya miaka elfu moja, anawaambia wenzake kwa wepesi tu kwamba vikirudi atawapeleka sehemu nzuri zaidi ya kuvionea. Kwake miaka 50 ni kama mtu anavyosema tukutane wiki ijayo. Anaondoka. Anarudi, na yule Himmel, steringi mwenye sura nzuri na nywele za bluu, sasa ni babu mfupi mwenye kipara na ndevu nyeupe. Wanaviangalia vimondo pamoja, muda si mrefu Himmel anafariki. Kwenye mazishi watu wananong'ona mbona huyu hata halii. Halafu ndipo inamfika, machozi yanamtoka, anasema hakumjua kabisa, alikaa naye miaka kumi tu, kwa nini hakujitahidi kumjua zaidi.

Sasa wewe uliyekua na Naruto niambie, hilo si pigo? Mi nililisikia tumboni. Na kuanzia hapo kila wanapotembea, kila wanapokaa mahali muda mrefu kwa ajili ya kitu kidogo kisicho na maana, ujue huyu mtu anarudia njia ileile aliyopita na rafiki zake bila kuiangalia, safari hii anaiangalia. Kwenye episodi ya nne kuna asubuhi moja ya mwaka mpya, Frieren ambaye kuamka mapema kwake ni vita anaamka gizani kwenda kuona jua linachomoza kwa sababu tu Himmel aliwahi kumwambia angefurahi, na jua lenyewe linachomoza na analiona la kawaida tu, mpaka anageuka na kuona uso wa Fern, yule binti anayemfundisha uchawi. Basi. Ndio tukio lenyewe, na ukilikimbiza kwa spidi ya mara mbili halipo tena.

Mapigano yapo, usiwe na wasiwasi, na studio ya Madhouse iliyoitengeneza ikiamua kuchora pambano inachora kwelikweli. Msimu wa kwanza una episodi 28 na wa pili ulianza Januari 2026. Rudi, weka zile nne usiku mmoja, simu iwe mbali. Ukimaliza ya nne na bado hujisikii chochote basi achana nayo kwa amani, wala hakuna atakayekudai.

*Habari dada yangu. Nataka kuanza Naruto mwanzo kabisa ila nimeona ni episodi 220 halafu Shippuden, muendelezo wake, ni 500, nikaogopa. Wanasema kuna fila nyingi. Niskipu zipi? Na kwani kwa nini waliziweka? – Mgeni wa Konoha*

Nzuri, karibu sana! Kwanza sababu maana ukiijua hutawakasirikia. Manga, yaani kitabu cha katuni ambacho anime inatolewa humo, ile ya kila wiki inatoka sura moja, kurasa kama 18 mpaka 20 hivi, na episodi moja ya anime inaweza kumeza sura mbili au zaidi. Kwa hiyo anime inamkimbiza mchoraji mwenyewe, na zamani vipindi vikubwa vilikuwa vinaonyeshwa kila wiki mwaka mzima bila kupumzika, siku moja tu unamfikia na mbele hakuna stori. Hapo una njia mbili. Unaivuta ileile stori kama mpira, ndivyo ilivyokuwa Dragon Ball Z pale adui Freeza aliposema sayari inalipuka baada ya dakika tano na hizo dakika tano zikachukua karibu episodi kumi, watu walisubiri wiki na wiki. Au unatunga vistori vya pembeni vya kujazia, ndio fila.

Kwenye Naruto ya kwanza twende hivi, angalia zote mpaka 135, halafu kuanzia 136 karibu zote ni za kujazia, rukia 220 umuone anavyoaga, uingie Shippuden. Ila nakuomba kitu kimoja, ukifika 133 usiwe unafanya kitu kingine pembeni. Ni lile pambano la Naruto na rafiki yake Sasuke, na mwongozaji wa ile episodi Atsushi Wakabayashi aliacha michoro ilegee, miili inarefuka, nyuso zinapinda, kuna watu mpaka leo wanasema imechorwa vibaya na mi nabisha nao kila mara. Watoto wawili wanaopendana wanaumizana, ungetaka wabaki na sura safi?

Siku hizi mambo yamebadilika, anime nyingi zinatoka kwa mafungu ya episodi 12 au 13, zinapumzika, zinarudi. Bleach ilisimama mwaka 2012 kwenye episodi ya 366, mashabiki tukakaa miaka kumi, ikarudi Oktoba 2022 kumalizia stori yake. Hata One Piece iliyokuwa inaenda karibu bila kusimama tangu Oktoba 1999 ilitangaza kwamba kuanzia 2026 hazitazidi episodi 26 kwa mwaka. Kuna wanaolia kwamba watasubiri sana. Mi nimefurahi, nimechoka kuona watu wanakimbia kwenye ngazi ileile dakika nne.

*Fullmetal Alchemist ya 2003 au Brotherhood? Jibu moja tu. – Sina Muda*

Zote, na uanze na ya 2003. Najua wengi watakwambia Brotherhood inatosha kwa sababu inafuata manga ya Hiromu Arakawa mpaka mwisho, ni kweli. Lakini Brotherhood ya 2009 ilijua watu wengi wameshaiona ya kwanza, kwa hiyo mwanzoni inapita haraka mno, kuna mtu anakufa na hujapata hata muda wa kumpenda. Ile ya 2003 ilipofanywa manga ilikuwa bado changa, ikabidi watunge mwisho wao, ila kwenye yale ya mwanzo ilikaa, ikatulia, ikakuachia uwazoee watu. Episodi 51 halafu 64. Hutajuta.

*Mambo vipi dada. Kaka yangu kanilazimisha niangalie Evangelion na Cowboy Bebop. Stori sawa naelewa watu wanazipenda ila picha zimechoka, hazisogei, kuna sehemu picha imesimama nikadhani intaneti imekata. Kwa nini niangalie vya zamani wakati vya sasa vinang'aa? – Kizazi Kipya*

Kizazi Kipya asante sana kwa hii barua, wala kaka yako asikununie. Hiyo sehemu uliyodhani intaneti imekata naijua, ni kwenye lifti, episodi ya 22 ya Evangelion. Wasichana wawili, Rei kasimama mbele, Asuka kwa nyuma, hawasemeshani. Picha haisogei karibu dakika nzima, unasikia tu lifti inavyoenda. Ndio hiyo?

Ngoja nikueleze ilikotoka. Mwaka 1963 Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy kila wiki, watu na pesa havikutosha kuchora kama wanavyochora wa muvi. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, wao wakawa mchoro mmoja wanauweka kwa fremu tatu, kwa hiyo sekunde inabeba michoro minane tu, na mahali pengi mdomo ndio unasogea na mwili umetulia. Ule ulikuwa uhaba. Lakini watu wakikaa na uhaba muda mrefu wanajifunza kuutumia, na hapa ndipo anime ilipopata lugha yake. Mwongozaji Osamu Dezaki kwenye Ashita no Joe, anime ya ndondi ya mwaka 1970, alianza mtindo wake wa kusimamisha picha ghafla kwenye kilele na kuigeuza mchoro wa rangi nzito kama kadi ya posta, bondia kapigwa na muda umeganda, na unakaa na lile pigo kuliko ambavyo ungekaa nalo kama lingepita kwa ulaini.

Sasa rudi kwenye lifti. Hideaki Anno, mwongozaji wa Evangelion, angeweza kukata tukio likawa sekunde tano na asingehitaji kuchora chochote cha ziada. Akakuacha humo ndani na wasichana wawili ambao mmoja hawezi kumvumilia mwenzie. Uliona uzito? Ulianza kujisogeza kwenye kiti, ukaangalia kama simu imekwama. Hilo ndilo Asuka anajisikia pia. Picha imesimama ila we hujasimama.

Kuhusu kung'aa, Cowboy Bebop ni ya mwaka 1998, kipindi ambacho bado walikuwa wanapaka rangi kwa mkono kwenye karatasi za plastiki angavu halafu wanazipiga picha moja moja. Kaka yako akiruhusu simamisha pale Spike, steringi wake, anapovuta sigara, uangalie ule moshi na kivuli cha shavuni, kuna mtu alikaa na brashi akapaka hicho. Sisemi vya sasa ni vibaya, Dandadan imenitoa jasho kwa namna rangi zake zinavyobadilika kila kiumbe kipya kinapotokea, naipenda mno. Nasema ukishazoea macho utaona vitu viwili tofauti badala ya kizuri na kilichochoka. Na kama bado mwili unakataa kuna daraja zuri, Ranma ½ ya mwaka 1989 ilifanywa upya mwaka 2024 na sauti nyingi ni za waigizaji walewale, Kappei Yamaguchi na Megumi Hayashibara wamerudi kuwa Ranma yuleyule, mmoja akiwa mvulana na mwingine akigeuka msichana, miaka 35 baadaye. Angalia mpya kwanza, halafu episodi moja ya zamani, uwasikie walivyokuwa vijana.

*Dada, nisubiri iishe niangalie yote au nifuate kila wiki? – Mwoga wa Spoila*

Kama ni ya mafumbo kama Apothecary Diaries fuata kila wiki, Maomao, binti anayefumbua mafumbo humo, akikuachia swali ukae nalo siku saba, ubishane na wenzio, ukosee. Ukiangalia zote usiku mmoja jibu linakuja kabla hujapata hata nafasi ya kukosea. Za mapigano marefu, sawa, subiri zijae.

*Binti yangu, mimi ni mama wa kijana wa miaka 16. Nimeanza kukaa naye jioni anapoangalia hizi katuni zake na nimegundua tunaongea zaidi siku hizo. Shida ni kwamba anazoangalia nakuta ziko episodi ya mia mbili, sijui nani ni nani, na yeye anachoka kunieleza. Kuna ambayo naweza kuanza naye sawa, isiyo na damu nyingi? – Mama wa Jioni*

Shikamoo mama. Barua yako nimeiweka ya mwisho kwa sababu nilitaka kuijibu bila haraka.

Ipo, inaitwa Mushishi, ya mwaka 2005, msimu wa kwanza una episodi 26 na kila moja ni hadithi kamili yenye mwanzo na mwisho wake, kwa hiyo mkikosa jioni tatu hakuna aliyepotea njia. Mtu mmoja, Ginko, mwenye nywele nyeupe na sanduku mgongoni, anatembea vijijini na milimani kusaidia watu waliopatwa na viumbe visivyoonekana, ambavyo si majini na si wanyama, ni uhai tu wa namna nyingine. Hawi na haraka. Anasikiliza kwanza. Mara nyingi hakuna mbaya wa kupigwa, kuna mtu aliyempoteza mtu wake na hajui aanzie wapi. Zipo za huzuni nakuambia mapema ila si za kutisha kwa damu.

Anzeni na ya kwanza kabisa. Kuna kijana anaishi peke yake msituni, bibi yake aliyemlea ameshafariki, na akichora kitu kwa mkono wa kushoto kile kitu kinapata uhai, anachora ndege mdogo na anaruka kutoka kwenye karatasi. Bibi alimkataza asiutumie huo mkono mbele za watu. Halafu Ginko analala usiku mmoja pale, anagundua kwamba kuna mtu mwingine ndani ya hiyo nyumba, binti mdogo ambaye kijana hamuoni, na ameshika nusu ya kikombe cha kijani kilichopasuka. Nisimalizie. Ila mama, ukifika hapo mwambie kijana wako asikueleze chochote, wewe mwenyewe utajua yule binti ni nani kabla yake.