Jibu: Wanafunzi wa visiwani kuchelewa na kunyamaza

Salaam mwalimu. Wasema wanafunzi wako wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, huchelewa kipindi cha asubuhi hapo Lamu, na wakifika hawafungui kinywa.

Kabla ya kuwaita wavivu, tazama kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa. Kwenye mkondo wa Mkanda, njia ya boti zao kuja Lamu, maji yakipwa boti husubiri, na bahari haisomi ratiba ya chuo! Mimi hukisogeza kipindi, au hupokea kazi kwa sauti kwenye simu.

Ukimya nao: waache wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, ndipo waandike kwa Kiingereza. Mkuu wa idara akilalamika, mwonyeshe ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Lugha zote mbili ni rasmi. Na swali moja la jaribio watunge wenyewe.