Zitunzwe, hata zile tusizozisoma

Swali lenu la wiki hii, kama barua za wazee waliofariki zisomwe, zitunzwe au zichomwe, limenikuta na mkebe wa biskuti mapajani. Ni mkebe wa bibi yangu mzaa baba, uliokaa miaka na miaka chini ya nguo katika kasha lake, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Ndani mna barua 43, daftari moja la madeni na picha sita. Mimi nasema zitunzwe. Kuzisoma ni shauri jingine, nalo nitalifikia.

Bibi alipofariki, ndugu zangu wawili walitaka ziteketezwe. Hoja yao haikuwa ya ovyo. Humo mna maneno ya mume na mke, walisema, na maiti husitiriwa. Kisha wakaongeza: tena nani atazisoma? Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na sisi sote tumesomea za Kirumi.

Neno hilo la pili liliniuma, kwa sababu tulikua tukiambiwa kwamba bibi hakusoma. Mara mbili nilimpeleka mwenyewe kwenye ofisi za watu, na mara zote mbili karani alimsogezea wino bila kumuuliza chochote, naye akaweka dole gumba. Kumbe mwanamke yule alikuwa akijibu barua! Mna karatasi tatu za mkono wake, barua alizoanza akaziacha njiani, na mwandiko wake umetulia kuliko wa babu. Herufi alizipata chuoni, alikosomea Kurani kama watoto wengi wa pwani wa enzi zake, akazitumia kuandikia Kiswahili chake. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa Tanga mwaka 1892, herufi za Kirumi zikawa ndizo za ofisini, na polepole asiyezijua akahesabiwa kuwa hajui kitu. Ilhali barua zinazotajwa kuwa kongwe kuliko zote za Kiswahili ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizo hizo za bibi, na mpaka leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Za Kilwa zilivuka bahari zikapata wa kuzitunza. Za bibi yangu zilibakiza njiti moja ya kibiriti.

Kuzisoma kulitaka watu wawili. Nilimwita ustadhi kijana anayefundisha madrasa jirani, msomaji hodari wa Kiarabu. Akasoma salamu bila kukwama, "wabaadu, nakuarifu hali yangu ni njema," halafu akaanza kusitasita. Kiarabu hakina herufi ya "p", kwa hiyo wazee wetu wengi waliandika "b" tu. "Mb" na "mp" nazo mara nyingi ziliishia kwenye herufi hiyo hiyo moja. Kwa hiyo b mbili zenye irabu ya "a" zaweza kuwa baba, zaweza kuwa papa, zaweza kuwa pamba. Anayejua ni yule anayeijua lugha na anayewajua wenye barua. Ustadhi akasoma: "Nimempa nahodha baba wawili, mmoja wako, mmoja wa mama."

Shangazi yangu alikuwa kizingitini akichambua mchele. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Papa, mwanangu! Papa wakavu! Baba wawili angewatoa wapi?" Kisha akanyamaza, akaweka ungo chini. Akasema papa wale anawakumbuka, walipikwa kwa nazi, na siku hizo yeye alikuwa ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo mama yake alimchambulia kwa vidole.

Barua hiyo ina tarehe: 12 Rajabu 1372, yaani mwishoni mwa Machi 1953. Babu alikuwa baharia, chombo chao kimekwama Lamu kikitengenezwa. Anaandika kwamba kaskazi, upepo wa kuwashusha huku kusini, inakaribia kwisha, na wakiikosa basi wataonana kaskazi ijayo, maana kusi, upepo wa kinyume chake, ikishika hakuna jahazi la kushuka huku. Nikamuuliza shangazi kama aliiwahi. "Hakuiwahi," akasema. "Alikuja mimi nimeshaota meno."

Ningeipata wapi habari hii kwingine? Na ingekuwaje kama ningengoja miaka mitano zaidi, karatasi zikawepo na shangazi asiwepo? Nawasihi wasomaji wenzangu wenye mikebe ya namna hii: msisubiri msiba. Kaeni na mzee angali hai, mpige picha kila karatasi kwa simu kando ya dirisha mchana, mrekodi na sauti yake anaposoma. Msizibandike gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Mchwa na mende hawahitaji msaada wetu.

Picha tulizimaliza kwa dakika chache, na hilo ndilo linalonisikitisha. Tano shangazi alizitambua, nami nikaandika majina nyuma kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Ya sita ni msichana wa studio, kanga mpya, mkono umeegemea meza yenye maua ya karatasi. Bibi aliihifadhi maisha yake yote. Nimeizungusha kwa wazee wote wa ukoo, na hakuna anayemjua.

Sasa kuhusu kusitiri. Chini kabisa ya mkebe mna fungu la barua kumi na moja lililofungwa uzi wa buluu, fundo juu ya fundo. Ustadhi aliponyoosha mkono kulifungua, shangazi alimzuia. "Hizo alizifunga mwenyewe," akasema. Hatukuzifungua. Ndugu zangu walitaka moto uwe ndiyo sitara, na mimi naona uzi ule unatosha. Zimerudi mahali pake, ndani ya kitambaa cheupe cha pamba. Zile nyingine tunaendelea nazo kila Ijumaa baada ya alasiri, sisi watatu, na wiki iliyopita alikuja pia mmoja wa wale ndugu zangu, akakaa karibu na shangazi akamshikia taa.