Mwulize Mama Gereji: Tapeti zinalia, nati za kurekebishia hazionekani

SWALI: Mama Gereji, shikamoo. Nina Range Rover ya mwaka 1983, V8 ya petroli ya lita 3.5, kabureta mbili. Ilikuwa ya marehemu baba. Ilikaa juu ya matofali uani kwetu Igoma miaka mingi mpaka nilipoirudisha barabarani mwaka jana. Tatizo ni mlio: ta-ta-ta-ta upande wa kulia. Asubuhi unakuwa mkali, injini ikishapata moto unapungua lakini hauishi. Fundi wa kwanza alifungua kava akatafuta nati za kurekebishia tapeti, hakuona hata moja, akasema hedi si za gari hili. Wa pili anasema tapeti moja imekufa, tuitoe hiyo tuweke nyingine, kazi ya nusu siku. Nimsikilize nani? — Msomaji wa Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Usimsikilize yeyote kati yao, ingawa wa pili amekaribia.

Hedi ni zake. Injini hiyo haijawahi kuwa na nati za kurekebishia. Asili yake ni Marekani: Buick waliitoa mwaka 1961, ya aluminiamu, kisha Rover wa Uingereza wakanunua haki ya kuitengeneza, na Range Rover ilipozaliwa mwaka 1970 ikavalishwa hiyo. Tapeti zake, yaani vile vikombe vinavyosukumwa na nundu za kamshafti ili kufungua valvu, ni za haidroliki, zinajirekebisha zenyewe kwa oili: 16, moja kwa kila valvu. Sisi mafundi wa kanda hii wengi tumekulia kwenye Land Rover 109 na Peugeot 504: unafungua kava, unachomeka fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi), unakaza nati, unanawa mikono. Kwa hiyo simlaumu fundi wako kwa kutozijua. Namlaumu kwa kukutangazia kwamba umeuziwa hedi za watu.

Tapeti ya haidroliki ndani yake ni kama bomba la sindano. Kuna pistoni ndogo, springi chini yake, na kivalvu kinachoruhusu oili iingie isirudi. Oili ya presha inajaza hicho chumba, pistoni inapanda mpaka nafasi yote kati ya kamshafti na roka inakwisha. Ndiyo maana hakuna cha kurekebisha. Gari likilala, zile tapeti zilizoachwa valvu zake zikiwa wazi hubanwa na springi za valvu, oili inavuja taratibu, na asubuhi utazisikia sekunde chache. Huo si ugonjwa. Wako hauishi, na gari lililokaa miaka na oili chafu huwa na utando wa gundi ndani ya tapeti: pistoni inakwama, au kivalvu hakifungi.

Lakini usinunue kitu bado. Vuta stiki ya oili kwanza. Ikiwa chini, pampu inanyonya hewa, na hewa ndani ya tapeti inalia. Ikizidi alama ya juu inalia vilevile, kwa sababu kranki inaichapa oili mpaka inatoa povu. Hili watu hawaliamini mpaka walione. Kisha toa swichi ya taa ya oili, funga geji ya kweli. Presha ya injini hii kwa asili ni ndogo: ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, inatakiwa isome kati ya psi 30 na 40. Ikisoma chini ya hapo, tapeti mpya nazo zitalia, na utakuwa umetupa pesa ziwani. Mwisho kagua manifodi ya eksozi upande huo huo wa kulia. Gasketi yake ikivuja, inatoa mlio unaofanana kabisa na wa tapeti, na nao hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine itembeze juu ya kava la roka halafu kando ya manifodi. Sikio litakwambia.

Yote hayo yakiwa salama, sasa tufungue. Nusu siku alizosema huyo fundi zinatosha kufika zilipo tapeti, si zaidi. Zimekaa bondeni katikati ya V, chini ya manifodi ya juu, ile ya kuingizia hewa. Mwaga maji ya rejeta kabla hujaigusa manifodi hiyo, la sivyo yatamwagika bondeni na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukifika pale juu usafishe kwanza. Vumbi letu lile jekundu likianguka ndani ya injini ni msasa. Legeza shafti za roka kidogo kidogo, bolti moja baada ya nyingine, usimalizie moja peke yake. Pushirodi, vile vijiti kati ya tapeti na roka, zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichotoboa na kuandika namba, maana kila moja imezoeana na roka yake.

Tapeti nyingine itatoka kwa vidole. Nyingine itakataa. Itakayokataa, mwagia kisafisha kabureta, ngoja, izungushe huku ukivuta. Kama bado inakataa, huenda kitako chake kimepondeka kikatanuka kuliko tundu, na hiyo haipiti juu: hutolewa kwa chini, kamshafti ikishatoka. Ukiilazimisha kwa koleo utakwaruza tundu la bloki, na bloki ya V8 ya Rover huokoti Mabatini.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usimame karibu na fundi wako. Chukua tapeti mbili zilizotoka, zifute. Ubavu wa moja ulaze juu ya kitako cha nyingine, kama rula, uinue kwenye mwanga. Kitako kizima kina mbinuko mdogo sana, katikati juu, kwa hiyo ule ubavu utabembea. Kikiwa bapa kimechoka. Ukiona mwanga unapita katikati, kimeliwa, na kilichokila ni kamshafti, nayo imeliwa pia. Angalia nundu zake kwa tochi: nundu iliyokufa ncha yake imekuwa butu na ina vidonda. Injini hizi zinajulikana kwa kula kamshafti, hivyo usishangae.

Ndiyo sababu nakataa habari ya kubadilisha moja. Badilisha zote 16. Kamshafti ikiwa nzima unaweza kuiacha. Ikiwa imeliwa, badilisha pamoja na cheni ya taiming, kwa kuwa utakuwa umeshafika huko mbele. Tapeti za zamani juu ya kamshafti mpya, kamwe. Na kama siku moja utatoa tapeti nzima kwa ajili ya kusafisha tu, kila moja irudi tundu lake na nundu yake.

Mpya zilowekwe kwenye oili safi, ila zisipampiwe mpaka zikawa ngumu kama jiwe, kwa sababu ukikaza roka zitashikilia valvu wazi. Vitako na nundu pakaa grisi ya kufungia injini, ile nyeusi yenye molibdenamu. Ukimaliza kukaza shafti, pima: pistoni ya tapeti iwe imezama kati ya milimita 0.5 na 1.5 kutoka kwenye klipu yake, valvu ikiwa imefungwa. Hedi zikiwa zimewahi kuchongwa itazama zaidi ya hapo, na dawa ni kuweka shimu (vibati vyembamba) chini ya vishikio vya shafti. Mafundi wengi huruka kipimo hiki, kisha gari linakuja kwangu likikosa mlipuko.

Kabla ya kuwasha, toa distribyuta baada ya kuweka alama, ingiza chuma bapa kwenye drili, zungusha pampu ya oili kwa upande uleule rota inaozungukia, mpaka uone oili inachuruzika kwenye roka. Ikishawaka, kama kamshafti ni mpya, usiiache sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila mafuta kukanyagwa, hata kidogo. Ishikilie mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, ukibadilisha-badilisha, ndoo ya maji ikiwa karibu ya rejeta. Kwenye sailensa nundu hazirushiwi oili ya kutosha, na kamshafti inaweza kufa siku hiyohiyo. Halafu mwaga oili yote pamoja na filta. Mlio wa dakika za kwanza usikutie hofu.

SWALI: Shikamoo mama. Magari haya ya zamani tuweke oili gani? Duka linanisukumia 5W-30, wanasema ndiyo ya kisasa. — Msomaji wa Bunda

JIBU: Marahaba. Ni ya kisasa kweli, kwa gari la kisasa. Oili nyepesi za petroli zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda kataliti ya eksozi, na tapeti zinazosugua kamshafti moja kwa moja zinaihitaji hiyo zinki. Kwa joto letu la kando ya ziwa weka 20W-50 ya madini. Kama kopo limeandikwa kuwa inafaa na injini za dizeli, vizuri zaidi.

SWALI: Nina Land Rover Series III ya petroli, lita 2.25, inalia tapeti. Nimesikia kuna za haidroliki ambazo hazilii. Naweza kubadilisha? — Nansio, Ukerewe

JIBU: Acha. Zako ni za nati, zimewekwa hivyo kiwandani, na marekebisho yake hayakugharimu hata nauli ya kivuko. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote nane, za kuingiza na za kutoa. Hesabu valvu kuanzia mbele, kisha tumia jumla ya tisa: ya 8 ikiwa wazi kabisa rekebisha ya 1, ya 6 ikiwa wazi rekebisha ya 3, hivyo hivyo hadi mwisho. Shikilia skrubu kwa bisibisi unapokaza nati, na pima tena baada ya kukaza, maana huwa inasogea.