Taa zote za swichi ya mtandao zikipepesa kwa pamoja, tafuta kitanzi

Ndugu, umesema intaneti ilikufa nyumba nzima mara tu baada ya kupanga upya kebo, na hata ukurasa wa ruta haufunguki. Usimpigie mtoa huduma kwanza. Yaelekea hicho ni kitanzi: kebo moja imechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile (kisanduku kinachogawa mtandao kwa kebo), au swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo mbili.

Kifaa kinapouliza mtandao mzima "nani ana anwani hii?", swichi hulitoa swali kwenye matundu yote isipokuwa lile lilikoingilia. Penye kitanzi swali linarudi, linatolewa tena, na kila mzunguko unaongezewa maswali mapya. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data cha intaneti, ina TTL, namba inayopungua kila ikipita ruta mpaka itupwe. Fremu ya Ethernet, yaani bahasha inayobeba swali hilo kwenye kebo, haina kitu hicho, kwa hiyo inazunguka mpaka ukate njia. Ukizima swichi fremu hizo hupotea, lakini ukiwasha tena swali jipya huanza kuzunguka; ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukusaidii.

Chomoa kebo moja moja, subiri kidogo kila mara. Taa zikitulia, umeikamata. Angalia pia kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi: kikiunganishwa kwa kebo na kwa Wi-Fi kwa wakati mmoja, nacho kinaweza kufunga kitanzi.

Mhandisi wa kompyuta Radia Perlman alibuni dawa ya kitanzi mwaka 1985, itifaki (kanuni ya mawasiliano ya swichi) ya STP inayozima njia ya ziada yenyewe, lakini swichi nyingi za bei nafuu hazina. Ukinunua nyingine, uliza kama inagundua vitanzi.