Usifunge Paa Kabla ya Kuwasha Taa: Maswali na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu modeli za mbao za kuunganisha, zile ambazo zikikamilika huwekwa rafuni na kuwashwa usiku kama taa ya mapambo. Zaidi ya nusu zinauliza jambo moja, kwa hiyo nianze nalo.

Nimemaliza kuunganisha nyumba yangu na kuigandisha yote kwa gundi, lakini taa haiwaki. Nifanyeje? (Msomaji, Umoja)

Taa hujaribiwa mara tatu: ikiwa bado mezani, ikishapitishwa kwenye tundu lake, na kabla tu ya paa kufungwa. Wewe umeijaribu mara moja, tena kwa kuchelewa. Anza na mambo mepesi. Angalia kama kile kipande cha plastiki kinachowekwa kiwandani ili betri isiguse bati kimetolewa. Kisha geuza betri, kwa maana taa ya LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Mguu wake mrefu ndio chanya, na ukiikosea upande kwa volti 3 haiungui, inanyamaza tu. Ikiwa bado imenyamaza, waya umekatika mahali ulipokunjwa au lehemu imeachia, na hapo huna budi kufungua. Funika kiungo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa nusu saa, kwani gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa maji na joto, ingawa plaiwudi nayo huenda ikavimba kidogo. Kama ulitumia gundi ile inayoshika papo hapo, tafuta msumeno mdogo. Mimi mwenyewe nimewahi kukata paa kwa ajili ya waya mmoja mwembamba kama unywele, na kovu la msumeno lingali pale kando ya dohani, nimeligeuzia ukutani wageni wasilione.

Naweza kuweka balbu ya kawaida badala ya taa zilizokuja ndani ya pakiti? (Msomaji, Kasarani)

Hapana. Volti 240 za stima haziingizwi ndani ya kijumba cha mbao ya milimita 3 kilichojaa gundi na vanishi.

Betri zangu bapa zinaisha baada ya usiku mmoja au miwili. Je, niliuziwa mbovu? (Msomaji, Kayole)

Huenda ni nzima kabisa. Betri ya aina ya CR2032 hubeba takriban miliampia-saa 220. Taa zako zikila miliampia 20 kwa pamoja, gawanya mwenyewe uone kuwa ni saa 11 kwa hesabu ya karatasi, na katika matumizi ni pungufu, kwa sababu betri hizi ziliundwa kulisha saa na rimoti. Dawa yake ni waya wa USB na chaja ya simu inayotoa volti 5. LED nyeupe inahitaji takriban volti 3, kwa hiyo volti 2 zinazobaki lazima zimezwe na rezista, kijisehemu cha kupunguza mkondo wa umeme: omu 100 zitapitisha miliampia 20, ila mimi huweka 150 kwa kila taa, kwa kuwa macho hayaoni tofauti na taa hudumu zaidi. Rezista utazipata Luthuli Avenue, Nairobi, na ni kitu cha bei ndogo mno kukwepwa.

Hukuniuliza kuhusu watoto, lakini nitasema. Mtoto akimeza betri bapa, inaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili tu, naye asilie wala kulalamika. Mkimbize hospitali mara moja, usingoje aitoe chooni. Nyumbani kwangu kifuniko cha betri kisicho na skrubu hakikai rafuni.

Vipande haviingiani. Je, nivisukume kwa nyundo? (Msomaji, Lang'ata)

Nyundo ni ya misumari. Mvua za masika zikiwa zimeshika, mbao hunywa unyevu wa hewa na kunenepa, na mwanya uliokatwa kwa leza hauna nafasi ya ziada. Viache vipande siku mbili mahali pakavu, mbali na jiko, kisha pitisha msasa laini kwenye ulimi wa kipande (ule mchomozo unaoingia mwanyani), mara mbili tatu, ukijaribu kila mara. Ulimi usiotiwa gundi upake nta ya mshumaa. Masizi yale meusi ya leza yafute kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo alama za vidole vyako zitaonekana taa ikiwaka.

Vanishi hupakwa kabla au baada ya kuunganisha? (Msomaji, South B)

Kabla, ukiziacha wazi sehemu za gundi.

Pakiti zote ninazoziona ni za nyumba za Ulaya. Naweza kujiundia jahazi? (Msomaji, Eastleigh)

Hatimaye swali! Jahazi linafaa kuwa taa kuliko hizo nyumba, kwa sababu lina tanga. Chora mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake) kwenye karatasi, yahamishie kwenye plaiwudi ya milimita 3, na uyakate kwa msumeno wa uzi ikiwa huna fundi wa leza. Tanga lifanye la kitambaa cha marekani kilichofuliwa, kwani nyuzi zake huutawanya mwanga na yale madoa makali ya LED hayaonekani. Chagua taa zenye rangi ya joto, kelvini 2700 hivi. Nyeupe ya kibuluu itakufanyia jahazi duka la dawa. Taa zielekee juu kutoka chini ya foromali, ule mti unaoshikilia tanga, waya ushuke nyuma ya mlingoti hadi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Sitaha ya upande wa tezi, yaani nyuma, usiigandishe: iache ikae kwa sumaku mbili ndogo, ili kidole kiweze kuifikia swichi na waya.